Kumsifu Msoma Chupa

Saida, yaani pombe ya matufaha, ni rahisi kuitengeneza na ngumu kuifunga. Kukamua matunda na kuiacha juisi ichachuke ni kazi ya hamira. Binadamu ni msaidizi tu. Ustadi huanza siku ya kujaza chupa, na hujulikana miezi kadhaa baadaye, chupa inapofunguliwa na mambo yakawa siyo. Fundi ninayemsifu ni yule anayeitazama chupa iliyoharibika akakueleza kosa lilitendeka lini, hata kama lilitendeka kabla ya chupa yenyewe kuoshwa.

Kazi hii ina nasaba. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza aliwakataza wafua kioo wa Uingereza kuchoma kuni tanurini, kwa sababu miti ilihitajika kuundia merikebu. Wakahamia makaa ya mawe, yenye moto mkali zaidi, na chupa zikaanza kutoka nene na imara. Watu wa saida wa Herefordshire na Gloucestershire wakapata chombo cha kuhimili gesi. Mwaka 1662 Christopher Merrett aliieleza Royal Society ya London jinsi wauza mvinyo walivyoongeza sukari ili mvinyo uchangamke. Miaka miwili baadaye John Evelyn akachapa Pomona, kitabu kuhusu matufaha na saida. Dom Pérignon, mtawa ambaye wengi humpa sifa zote za mvinyo wenye povu, aliwasili abasia ya Hautvillers, Champagne, mwaka 1668. Wafaransa watanisamehe.

Tatizo la kwanza lilikuwa gesi, na bado ni gesi. Mgema wa pwani hasumbuki nalo: tembo la mnazi halifungwi likakazwa, na hunyweka mapema. Saida huzibwa ikakaa miezi, na kila gramu 4 za sukari zitakazoliwa na hamira ndani ya lita moja ya kinywaji huzaa takriban lita nzima ya gesi, ambayo haina pa kutokea. Lita mbili au tatu za gesi kwa lita moja ya saida ni povu la kupendeza. Mvinyo wa Champagne hupewa gramu 24 hivi za sukari kwa lita, nao hufikia shinikizo la angahewa 6. Ndiyo maana chupa yake ni nzito na kitako chake kimebonyea ndani. Chupa ya bia haikuundwa kwa mzigo huo, na ya mvinyo wa kawaida haikuundwa kwa mzigo wowote.

Kwa hiyo fundi huuliza kwanza haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, ilisema nini siku ya kufunga. Maji husoma 1.000, na saida iliyokauka kabisa hushuka chini kidogo ya hapo, kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji. Aliyefunga kwenye 1.010 akidhani uchachukaji umekwisha, kumbe umesinzia tu kwa baridi ya Januari, amefungia gramu 25 hivi za sukari katika kila lita. Joto la majira ya kuchipua likifika, hamira itaamka.

Lakini namba haimalizi kesi. Chupa ikiruka povu hadi darini, anayejua kusoma haikodolei macho hiyo peke yake. Hufungua na jirani zake. Zikiruka zote, hesabu ya sukari ilikosewa. Moja ikiruka na ya pili ikawa imelala kama maji ya mtungini, sukari haikukorogwa sawasawa kabla ya kujaza. Ikiruka moja tu, na harufu yake si ya wenzake, basi chupa hiyo ilikuwa chafu, na kuna mdudu aliyekula kile ambacho hamira ilikiacha. Hatua hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji maabara. Inataka chupa tatu, pua, na mtu asiye na haraka ya kulaumu kizibo.

(Kizibo nacho huwa na hatia, hasa saida ikiwa haina povu: hakikubanwa vizuri, gesi ikavuja. Ama stoo ni baridi mno, na hapo wiki mbili kwenye nyuzi 18 au 20 hutosha.)

Chupa zenye shinikizo kubwa hazitupwi. Hupozwa hadi karibu na kuganda, maana gesi hutulia kwenye baridi, kisha kwa glavu nene na kinga ya uso kizibo huinuliwa kidogo, gesi ikatoka, kikabanwa kingine. Zilizokwisha kupasuka zenyewe ni za kufagia.

Kuna ugonjwa mmoja unaotisha macho kuliko tumbo. Saida humiminika kimya, nzito kama mafuta, ikivuta nyuzi. Bakteria wa asidi ya laktiki wamesuka sukari kuwa ute, na ladha karibu haijaguswa. Dawa yake ni kuikoroga kwa nguvu mpaka ute ukatike, kutia salfaiti, na kuiacha itulie. Anayeimwaga kwa hofu amemwaga kinywaji kizima. Siki ni habari nyingine; ile ikishaingia, ipeleke kwenye kachumbari.

Linabaki ombi la wageni, wanaotaka saida tamu na yenye povu katika chupa ileile, wakati sukari ya utamu ndiyo chakula cha povu. Wapo wanaosubiri povu litoshe, kisha wakazamisha chupa ndani ya maji ya nyuzi 65 kwa dakika 10 hivi, kazi inayotaka moyo, kwani shinikizo hupanda na joto. Wanormandi wana njia ya kizamani zaidi: juisi huachwa kwenye baridi mpaka pektini ijikusanye juu na kuwa kofia ya kahawia, kisha huhamishwa ile safi ya chini, ambayo haina lishe ya kutosha. Hamira hushinda na njaa, ikafanya kazi polepole, ikasimama kabla sukari haijaisha. Joto likiwahi, kofia huvunjika, na mpango wote umekwenda. Mimi wageni hao ningewapa saida kavu na kibakuli cha sukari pembeni.