Fundi Aliyeomba Sinia la Mchele

Fundi alifika nyumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga, saa kumi na mbili jioni, wakati mafundi wenzake wanafunga mikoba. Mkononi alikuwa na balbu tatu na waya mrefu wenye holda, sikioni, penseli. Akaomba taa zote zizimwe, akaketi kwenye kigoda jikoni, akatulia mpaka adhana ya Magharibi ikaisha.

Mimi nilikuwa nimeshanunua balbu za nyumba nzima: nyeupe zote, za ukubwa mmoja, moja katikati ya kila dari. Aligeuza boksi, akasoma, akalirudisha mezani. "Hizi za stoo," akasema.

Kisha akamgeukia mama. "Mama, kuna mchele wa kuchambua?"

Mama akaleta sinia, akaketi mahali pake pa siku zote. Fundi akapanda kitini, akaishika balbu pale pale ilipokuwa taa ya zamani. Kichwa cha mama kikaangusha kivuli katikati ya sinia. Fundi akaanza kuisogeza, shubiri kwa shubiri, kuelekea ukuta wa mbele, akaiteremsha hadi chini ya rafu ya sufuria. Kivuli kikajikusanya, kikahamia mgongoni kwa mama, na mchele ukabaki mweupe mtupu, chuya na mawe yakijionyesha yenyewe. Hapo akatia nukta ya penseli. Robo saa nzima, nukta moja.

Nilimuuliza kwa nini asifunge tu balbu kubwa zaidi darini. Akanijibu kwamba taa ikienda mbali mara mbili, mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Ukiileta karibu na kazi, balbu ndogo inatosha. Halafu akanifundisha kusoma boksi. Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ndiyo mwanga unaotoka. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800, na leo LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi hicho hicho. Kelvini hueleza rangi ya mwanga: 2700 una umanjano wa balbu zile za kale, 6500 ni weupe wa mchana wenye mawingu. Kuna na kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho ukomo wake ni 100. Jikoni yeye hataki kishuke chini ya 90, maana mpishi anayekagua matamvua ya samaki lazima aone wekundu wa kweli.

Chumbani aliniambia nilale chali kitandani. "Unaiona balbu?" Naiona. "Basi haikai hapo." Akaihamishia ukutani, nyuma ya kichwa, balbu ya 2700, na swichi mbili: moja mlangoni, nyingine mkono unapofika bila kuinuka. Kwenye ukumbi wa kwendea choo aliweka kitaa kidogo sana, chini karibu na sakafu. Jicho lililozoea giza, alisema, likipigwa na mwanga mkali huchukua muda mrefu kulizoea tena, na mtu mzima anayerudi kitandani gizani ndiye anayejikwaa. Bafuni alitaka taa mbili, kila upande wa kioo moja, kwa kuwa taa ya juu huchimba mashimo chini ya macho hata ya bibi harusi.

Ukuta wa jikoni ulikuwa wa kijani kilichokolea. Akausugua kwa kidole, akasema upakwe rangi nyeupe kabla hajafunga chochote hapo. Nikazikumbuka nyumba za mawe za Lamu, ambako mwanga huingia kwa uwanja wa ndani ulio wazi juu, ukapokewa na kuta za chokaa, ukapita misana, zile kumbi ndefu nyembamba, ukafika ndani umepoa. Waashi wale hawakuwa na balbu hata moja, na kila chumba walikipa mwanga wake. Fundi wetu hakuwataja, ila kidole chake kilijua walichokijua.

Jicho la mtu wa miaka sitini hupokea karibu theluthi tu ya mwanga unaoingia jicho la kijana wa ishirini. Fundi hakumwambia mama hivyo. Alimwuliza tu anapendelea kukaa wapi akisoma Kurani, akaongeza taa moja hapo.

Ilibaki baraza. Aliiwekea kitaa kimoja cha manjano, chini ya usawa wa macho. Kilipowashwa, mama akatazama, akasema hapa naona hafifu kidogo, fundi.

"Mama," akajibu huku akikunja waya, "barazani hakuchambuliwi mchele. Watu hukaa wasikilizane."

Mama akacheka, akavuta mkeka. Fundi naye akaketi.