Nani alichagua 19? Chati ya joto la Bukoba na mhimili uliojipanga wenyewe

Darasa moja la kompyuta pale Nshambya, Bukoba, limechora kwa Excel mvua na joto la kila mwezi. Chati ya mvua haina tatizo. Nguzo kumi na mbili zinaanzia sifuri, Aprili imewazidi wenzake kimo ikikaribia milimita 400, Julai imechuchumaa, na mvua za Oktoba hadi Desemba zinasomeka vizuri. Takwimu zimeingizwa bila kuruka mwezi, fomula ya jumla iko kwenye mvua na ya wastani iko kwenye joto. Mwalimu apewe maksi zake.

Kipindi kinaharibika kwenye joto. Kila aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la kompyuta anaijua dakika hiyo: safu ya nyuzijoto inachaguliwa, chati ya nguzo inabofywa, picha inatokea kwenye projekta, na mwalimu anahamia kwenye rangi na kichwa cha habari. Mhimili wima hakuna aliyeugusa. Hilo ni kosa, tena si dogo, kwa sababu kuuacha mhimili nako ni kuuchagua.

Tazama kilichotokea. Bukoba iko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, imeegemea ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Wastani wa joto wa mwezi huzunguka nyuzi 20 na 21, na mwezi wa joto kuliko yote hauuzidi ule wa baridi hata kwa nyuzi mbili. Habari nzima ya joto la Bukoba ndiyo hiyo: halibadiliki. Lakini ukutani pale Nshambya panatokea milima na mabonde, mwezi mmoja umepaa, mwingine unakaribia kugusa sakafu. Mwanafunzi anayeijua hewa ya kwao tangu azaliwe anaambiwa na mashine kwamba kuna kipupwe kikali ambacho hajawahi kukiona.

Mashine haikukosea hesabu. Excel ina kanuni yake: ikiwa pengo kati ya thamani kubwa na ndogo halifiki kama asilimia 16.7 ya ile kubwa, sifuri inatupwa, na mhimili unaanzia chini kidogo ya thamani ndogo. Mvua ya Bukoba ina pengo kubwa, hivyo sifuri yake inabaki. Joto lina pengo dogo, hivyo linanasa. Karatasi ni moja, programu ni moja. Chati ya kwanza imesema kweli na ya pili imetia chumvi.

Chukua mwezi wenye nyuzi 20 na mwingine wenye 21.5. Mhimili ukianzia 19, nguzo ya kwanza ina urefu wa 1 na ya pili 2.5. Jicho linasoma urefu wa nguzo, halisomi tarakimu zilizoandikwa pembeni, kwa hiyo darasa linaona mwezi mmoja una joto mara mbili na nusu ya mwingine. Tofauti halisi haifiki hata asilimia nane.

Wapo watakaojitetea kwamba sifuri ya Selsiasi haina maana ya kutokuwa na joto, hivyo si lazima kuanzia hapo. Hoja ina uzito kwenye chati ya mstari. Kwenye nguzo haisimami. Na hata kwenye mstari, mwalimu achague mwenyewe, tuseme 0 hadi 30, kisha awaambie wanafunzi kwa nini. Ni kubofya kulia kwenye mhimili, kufungua mpangilio wake na kuandika namba mbili.

Walimu wa karatasi ya grafu hawakuweza kuanguka kwenye shimo hili. Kabla ya kuchora nukta ya kwanza ilibidi uandike skeli, sentimita moja kwa nyuzi ngapi, na asiyeandika alikatwa maksi. Heinrich Walter na Helmut Lieth, Wajerumani waliotoa atlasi ya michoro ya tabianchi katika miaka ya 1960, waliibana skeli zaidi: nyuzi 10 za joto zikae sawa na milimita 20 za mvua, popote duniani. Mvua ikizidi milimita 100, skeli inabanwa mara kumi ili mwezi kama Aprili ya Bukoba usitoboe ukurasa. Kwa kanuni hiyo mwezi wa nyuzi 20 unahitaji milimita 40 usihesabiwe kuwa mkavu, na Julai ya Bukoba, yenye mvua haba kuliko miezi yote, ndiyo inayoukaribia mstari huo. Hapo darasa lina jambo la kubishania.

William Playfair, Mskoti aliyechapisha grafu zake za kwanza mwaka 1786, anastahili heshima pia, ingawa safu hii bado haijamsamehe kwa grafu duara ya mwaka 1801. Mvua ya miezi kumi na miwili iliyokatwa vipande vya duara haionyeshi msimu hata mmoja. Nguzo za 3D zisitajwe kabisa.



Madhara makubwa ya mhimili unaojipanga yanakuja Bukoba inapowekwa kando ya sehemu za bara. Mwambao wa ziwa hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na kadiri unavyoelekea magharibi mvua inapungua, na kuna sehemu za mkoa ambako inabaki nusu au chini ya hapo. Darasa likichora chati mbili na kuziacha zijipange, kila moja inatanua nguzo zake hadi juu ya fremu, na Aprili ya bara inalingana kimo na Aprili ya pwani ya ziwa. Andika 0 na 450 kwenye mihimili yote miwili, kisha waulize wanafunzi ni wapi migomba itatangulia kulia kiu.