Kuficha Bila Kuziba

Fundi aligonga dari kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua fenesi. Ko, ko, ko. Akasogeza ngazi. Ko, ko, halafu sauti ikawa nzito, akatia alama ya penseli. "Papi hiyo," akamwambia kijana aliyemshikia ngazi. Alizunguka ukumbi mzima namna hiyo, drili ikiwa bado ndani ya mkoba, na alipomaliza alikuwa ameichora mifupa yote ya dari kwa vialama ambavyo kabla ya magharibi vingefutwa kwa kitambaa kibichi.

Nyumba yenyewe iko Mgogoni, Pemba, na imepanda tofali kwa tofali, kwa pesa za karafuu mwanzo, kisha kwa pesa za mtoto aliyeko Maskati. Huyo mtoto ndiye aliyetaka intaneti iingie nyumbani, amwone mama yake usoni kila jioni bila picha kukwama. Mama mtu, ambaye pale kila mtu anamwita Bibi, alikuwa na sharti lake. Ukumbi umepigwa jipsam mwaka jana, una ngazi mbili zilizoshuka pembeni na mkanda wa maua. Hataki kuona waya. Hataki kidude chenye taa kinachomkodolea macho akiwa anavuta uradi. Fundi alisikiliza, akasema, "Inshallah, Bibi, hutokiona," na mimi niliyekuja kutembea tu nikaomba kiti.

Nilikaa siku nzima. Nilidhani nitaona kazi ya waya, lakini saa mbili za mwanzo hakuna waya uliotoka kwenye boksi.

Kuficha vitu darini si jambo la kale kwetu. Nyumba ya makuti haikuficha kitu. Ukilala chali unayaona mapao, fito na kila fundo la kamba. Nyumba ya mawe ya mjini nayo ilikuwa hivyo hivyo, unahesabu boriti za mkandaa mpaka usingizi unakuchukua, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Hata zidaka za ukutani zilikuwa mahali pa kuonesha, sahani na vikombe vya kigeni vikitazama wageni. Siling bodi, na baada yake jipsam, ndizo zilizotuletea uwazi wa giza juu ya vichwa vyetu, mahali pa kutupia kila tusichotaka kukiona. Na mafundi wengi ndivyo walivyopafanya: jalala. Panda dari la nyumba yoyote yenye miaka kumi utakuta maungio ya waya yaliyofungwa kwa plastiki ya mfuko, vipande vya bati, chupa za maji, na kiota.

Fundi huyu kwanza alipanda na tochi, akaswaki. Sina neno jingine. Alifagia kwa mkono vumbi na kinyesi cha popo, kitambaa kikiwa puani, akikanyaga kenchi tu, mguu mmoja mbele ya mwengine kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Popo hao ni wale wadogo wa mapaani. Popo mkubwa wa Pemba, yule watu wanaokuja kumtazama Kidike, hulala juu ya miti na hana haja na dari la mtu. Kabla hajapanda alikuwa amezima meni swichi na kumweka kijana aisimamie, ili asije mtu akaona taa haiwaki akaiwasha kwa wema.

Sasa, ugumu wa kazi yenyewe. Bomba la maji ukilificha limefichika, halina manung'uniko. Waya wa taa ni vivyo hivyo. Kifaa cha wifi ni kitu cha namna nyingine, kwa sababu kinatakiwa kisionekane na jicho, na papo hapo kisizuiliwe na kitu. Ukikificha kama unavyoficha pesa umekiua. Mawimbi yake ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu, yale ya gigahezi 5 kama sentimita 6, na kila kitu yanachokutana nacho kinatoza ushuru. Ubao wa jipsam unatoza kidogo sana. Ukuta wa tofali la saruji unatoza sana. Maji yanakunywa, ndiyo maana kifaa hakiwekwi chini ya tangi. Chuma hakitozi ushuru, kinafunga njia. Mafundi hupima hasara hiyo kwa desibeli, na hesabu yake ni ya kutisha kidogo kwa mgeni: kila ukipoteza desibeli 3 nguvu imebaki nusu, ukipoteza 3 nyengine imebaki robo.

"Kitu kino hakipendi bati," fundi alisema, akielekeza kidole juu. Na nyumba zetu juu ni bati tupu. Wengi siku hizi wanatandika chini ya bati ile karatasi yenye kung'aa ya kupunguza joto, nayo ni ukuta mwengine wa chuma, mwembamba lakini ukuta. Kifaa ukikitupa juu ya dari, kikalala ubavu karibu na papi za chuma na hiyo karatasi, nusu ya maneno yake yanarudi yakampiga mwenyewe. Mwenye nyumba ataona vijiti vitatu kwenye simu akiwa ukumbini na kimoja akiwa chumbani, atanunua kifaa cha pili, na kosa litabaki pale pale juu.

Halafu joto. Vifaa vingi vya kutumiwa ndani vimeandikwa na waliovitengeneza kwamba mwisho wake ni nyuzi 40. Mchana wa kaskazi, juu ya dari na chini ya bati, huwezi kuuacha mkono juu ya msumari. Nilipanda ngazi nikaingiza kichwa kwenye tundu kwa muda wa kusema bismillahi mara tatu, nikashuka shati limelowa. Kwa hiyo juu ya dari hakufai, na chini ya dari Bibi hataki.

Hapa ndipo nilipoanza kumtazama fundi kwa adabu. Aliziangalia zile ngazi za jipsam, mapambo ambayo mimi siku zote nimeyaona ni upuuzi wa matajiri wapya, akaona chumba. Ngazi ya kwanza imeshuka kama shubiri moja kutoka kwenye dari kubwa, na ndani yake ni wazi. Uwazi ule uko upande wa chumba, chini ya dari, unapata hewa ya ukumbini na haupati ile ya tanuri la juu. Ukumbi nao umekaa katikati, vyumba viwili kulia, viwili kushoto, baraza mbele na ua nyuma, kama nyumba nyingi za pwani. Waliobuni ramani hiyo walifikiria upepo na faragha. Bila kukusudia walimwekea fundi wa wifi kitovu.

Alikata tundu la mraba kwa msumeno mdogo, kando ya papi aliyoigonga asubuhi, na kile kipande alichokitoa hakukitupa. Alikipa kingo za mbao nyembamba kwa ndani kiwe mfuniko, akakichonga pembeni kwa mshazari kikae kama kizibo cha mtungi. Kifaa alikifunga kwenye kibao kilichoshikwa na kenchi kwa waya wa mabati wa pande mbili, kwa sababu ubao wa jipsam haukuumbwa kubeba mzigo, na kitu kilichoning'inia juu ya kichwa cha mtu hakitegemei skrubu moja. Uso wake aliutazamisha chini. Vifaa vya namna hii hutawanya mawimbi kama mwavuli uliofunguliwa, na mwavuli ukiupindua ubavu unamlinda jirani. Kwenye upande uliosimama wa ngazi ya jipsam, kivulini ambako jicho haliendi, alitoboa mipasuo minane myembamba kwa ajili ya hewa, akaipima kwa rula na kuifuata kwa msasa mpaka ikawa kama sehemu ya mkanda wa maua. Mipasuo minne ingetosha, alikiri. Minane ilikaa vizuri zaidi.

Mimi nilitarajia soketi darini. Hapana. Waya mmoja tu uliingia mle, wa mtandao, unene wake kama milimita 6, na ndani ya waya huo huo umepita na umeme. Ni ufundi uliowekewa kanuni rasmi mwaka 2003: volti kama 48 badala ya 230 za ukutani, na kifaa kinapokea wati zisizofika 13. Taa ya kusomea ilikuwa ikila zaidi zamani. Mtambo unaotia umeme kwenye waya umekaa chini, ndani ya kabati la sebuleni, mahali pakavu penye kufikika, pamoja na betri ndogo ya kuvusha saa za giza. Juu ya dari, palipo na mbao, vumbi na nyuzi za buibui kavu, hakuna volti 230 iliyoongezwa hata moja. Moto wa darini ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa hula kimya na unapoonekana umekwisha shiba. Nadhani hiki ndicho kipande cha kazi ambacho Bibi angekithamini kuliko mipasuo minane, na ndicho ambacho hatakijua.

Waya wenyewe aliukwangua kwa kisu kabla ya kuukubali. Sokoni kuna waya uliovishwa shaba nje na ndani ni alumini; bei yake inavutia, unakatika ukiukunja mara chache, na ukiupitishia umeme unapata moto kuliko shaba. Ndani ukionekana mweupe, umerudi dukani. Huu ulikuwa mwekundu mpaka moyoni. Kuuvuta nako kuna heshima zake. Kikomo cha mvuto ni kama kilo 11, yaani ndoo ya maji ya lita kumi na kidogo. Ukizidisha, nyuzi za ndani zinanyooka na msokoto wake unaharibika, na wewe kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo kijana alisukuma waya kutoka upande mmoja na fundi akaupokea upande wa pili, wakiitana juu ya dari: "Lete!" "Upo, ami?" "Lete taratibu!" Palipo na kona hakuukunja, aliuzungusha mviringo wa upana wa kikombe cha kahawa. Alipokutana na waya wa taa aliuvuka kwa pembe mraba, kama watu wasiosemezana wanavyopishana njiani, wala hakuulaza sambamba nao. Na kwa ajili ya panya, waya wote ulipita ndani ya bomba la plastiki lililoshikizwa kwenye kenchi, midomo yake ikazibwa.

Mwisho wa waya una nyuzi nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa kwa kasi yake ili zisisikilizane. Fundi alizifungua kwa urefu usiozidi upana wa kucha, akazipanga mbele ya dirisha: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, bluu, bluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Hakutazama karatasi. Midomo ilikuwa ikitembea, na sikujua anahesabu rangi au anasoma kitu kingine.

Nje mambo yalikwenda haraka. Intaneti pale inatoka hewani, kutoka mnara wa simu, kwa hiyo kipokezi kikafungwa juu ya mlingoti mfupi nyuma ya ukingo wa paa, kikatiwa waya wa ardhi kwa ajili ya radi. Kitu kimoja tu nitakitaja. Kabla waya haujaingia ukutani aliuacha ushuke chini ya tundu kisha upande tena, tumbo kama la kamba iliyolegea. Nilimuuliza. Akasema mvua ya masika hutembea juu ya waya kama sisimizi. Ikifika kwenye tumbo inadondoka, haipandi. Tangu siku hiyo kila nyumba ninayopita natazama waya unaingiaje, na nyingi zinauingiza kwa mteremko, maji yanakaribishwa ndani.

Pemba iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya Wesha. Ule ni waya ambao hakuna anayeuona, na watu hawautaji ila siku umeme unapokatika. Mafundi wa vitu vilivyofichwa wamezoea, nafikiri. Huyu wetu, akiwa juu ya ngazi, aliandika kwa penseli upande wa ndani wa mfuniko: tarehe, njia ya waya kwa mistari, papi ya ngapi kutoka ukutani, na mahali meni swichi ilipo. Jina lake hakuliandika. Yule atakayepanda baada yake, pengine baada ya miaka sita kifaa kikiwa kimechoka, hatakuwa na haja ya kugonga fenesi.

Alipaka rangi mfuniko, rangi ya maji isiyo na chembe za chuma, akaziba ufa kwa puti nyembamba ambayo kisu kinaweza kuikata. Akaingia kwenye simu yake akaizima ile taa ya kifaa. Kijana akafuta vialama vyote vya penseli. Tukakaa chini tunatazama juu, watu watatu, na mimi niliyeona kila kitu kikitendeka nilihitaji muda kukipata kile kipande.

Simu ya Maskati ikaingia, uso ukajaa kioo, na Bibi akaanza kuizungusha simu amwoneshe mwanawe ukumbi. "Basi kidude chenyewe kiko wapi, fundi?" Akainua kidole kuelekea kivuli cha taa ya katikati. "Kimo mle?"

Fundi alikuwa anakunja ngazi. "Naam, Bibi," alisema. "Kimo mumo kwa mumo."