Mobutu katika mawingu: jurnali iliyoimba kuliko kusema

Wandugu, wengi wetu tulizaliwa wakati Zaïre inakwisha ao imeshakwisha. Lakini nani hajui ile picha? Mawingu yanafunguka, uso wa Mobutu unashuka toka mbinguni, halafu habari za jioni zinaanza. Kama haujaiona, tafuta filme ya Thierry Michel ya mwaka 1999, Mobutu, roi du Zaïre. Humo kuna picha nyingi za wakati ule.

Sisi vijana tunaziangalia tukicheka. Tunasema wazee walidanganywa kirahisi. Mimi sikubali. Ile kazi ilifanywa vizuri sana, na ndiyo sababu inafaa tuichunguze.

Televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966, mwaka mmoja tu kisha Mobutu kukamata utawala. Miaka ya 1970, wakati Sakombi Inongo alikuwa mkubwa wa mambo ya habari, jurnali na ile waliyoita animation politique vilienda pamoja: nyimbo za chama, wachezaji wamevaa vitambaa vya MPR, hotuba, halafu nyimbo tena. Wachezaji walikuwa hodari, ngoma zilikuwa za kwetu, za majimbo yote. Mtu aliyetoka kwenye ukoloni juzi tu aliona ngoma ya kijiji chake kwenye kioo. Hiyo furaha ilikuwa ya kweli, tusiidharau.

Kwa hiyo sitalaumu ngoma. Hata mkulima unaweza kumufundisha nafasi ya kupanda mihogo kwa wimbo, na atakumbuka kuliko karatasi yako. Kosa ni pale wimbo unapokamata nafasi ya jibu.

Angalia Salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja. Kwenye picha unaona majembe yanapanda na kushuka, watu wanaimba, mkubwa anashika jembe mbele ya kamera. Mimi nimesoma kilimo, kwa hiyo macho yangu yanatafuta mambo mengine: shamba ni hekta ngapi? Mbegu gani? Kisha miezi sita walivuna nini? Katika vipande nilivyoona, kamera hairudi wakati wa mavuno. Kulima kunapendeza kwenye picha, lakini mavuno ndiyo yanasema kama kazi ilikuwa kazi.

Na wakati huo kulikuwa mambo mazito ya kuuliza. Novemba 1973, zaïrianisation ilitoa mashamba makubwa na maduka ya wageni kwa watu wenye kujuana na utawala, mengi yaliharibika. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka. Mwanzoni mwa 1975, kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la mtu yeyote isipokuwa Mobutu. Wengine walitajwa kwa cheo tu. Sasa fikiria: kama waziri hana jina, utamuuliza nani juu ya bei ya unga? Hapo ndipo ninaona maana ya yale mawingu. Mtu anayeshuka toka mbinguni haulizwi hesabu.

Zaïre ilikwisha Mei 1997. Mawingu yalienda, lakini namna ya kutengeneza habari ilibaki. Hapa Bendera tuko karibu na mitambo ya Kyimbi, inayotuma umeme mpaka Kalemie. Umeme huo unawasha televisheni ambamo mkubwa anashuka kwenye gari, mama zetu wanacheza, muziki unapanda, mkasi unakata utepe. Na sisi wote tunajua coupage: anayetangazwa ndiye anamulipa mwandishi. Wimbo wa sifa umepata bei tu.

Kuna watu wanaosema jurnali isiwe na muziki hata kidogo. Mimi sitaki hivyo. Habari kavu hakuna atakayeiangalia, hasa kwa simu ambayo data yake inakwisha haraka. Kati yetu kuna wanaofungua kurasa zao na kupiga video za mashamba. Wekeni ngoma, wekeni vichekesho. Lakini kisha wimbo, muje na idadi ya kilo zilizovunwa, bei ya sokoni, na jina la mtu aliyelipa mbegu. Na mukipiga picha siku ya kulima, rudini siku ya kuvuna, hata kama mavuno ni mabaya.