Sifa kwa Waendesha Vinu vya Upepo

Vinu vya upepo vya Uholanzi vimechorwa kwenye kalenda, vikombe na mikebe ya biskuti dunia nzima, lakini anayeviendesha ni nadra kuonekana. Ndiyo maana nilifurahi UNESCO ilipouingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, mwaka 2017. Safari hiyo halikutukuzwa jengo. Ilitukuzwa kazi ya mtu.

Na ni kazi hasa. Mwendesha kinu huanza kwa kutazama mbingu: mawingu yanatoka wapi, maji ya mfereji yanajikunja vipi. Kisha hukigeuza kichwa cha kinu kiukabili upepo. Kichwa hicho, pamoja na mhimili na mabawa manne, kina uzito wa tani nyingi, naye hukisogeza kwa kuzungusha gurudumu la mbao lililo nyuma, kwa mikono na hata kwa miguu, huku mnyororo ukikazika. Hulegeza breki, akalileta bawa moja chini, akakwea viunzi vyake na kulitandaza tanga. Hulegeza tena, likaja la pili, mpaka yote manne yamevaa. Upepo ukiwa mchache hutandaza matanga yote. Ukizidi huyapunguza, au huyakunja kabisa na mabawa yakazunguka matupu. Nahodha wa jahazi wa Lamu angeielewa kazi hii bila kufasiriwa.

Hatari yake iko kwenye kusimamisha. Breki ni vipande vya mbao vinavyolikumbatia gurudumu kubwa la juu. Ikikazwa wakati upepo umeshashinda nguvu, msuguano unaweza kuwasha moto na kinu kizima kikateketea. Kwa hiyo fundi wa kweli husimamisha mapema, wingu jeusi likiwa bado mbali. Katika kinu cha nafaka huongezeka ujuzi wa vidole: huukinga unga unapotoka kwenye mawe, akaufikicha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akiuhisi umepata joto, anajua mawe yamekaribiana mno au makali yake yamekwisha.

Waholanzi hawakujifunza haya kwa kujifurahisha. Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Ziwa Beemster lilikaushwa mwaka 1612 kwa vinu zaidi ya 40, likawa mashamba yaliyo zaidi ya mita 3 chini ya bahari, na hadi leo yanalimwa. Huko Uitgeest, Cornelis Corneliszoon alipata hataza ya kinu cha kupasua mbao mwaka 1593, na mbao hizo zikajenga merikebu. Baadhi ya merikebu za Uholanzi zilibeba watumwa na kuteka nchi za watu. Nausifu ufundi huu nikilikumbuka hilo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mabawa yaliyosimama nayo husema. Katika sehemu kubwa ya nchi, bawa likisimamishwa kabla kidogo ya kufika wima juu, kijiji kinajua kuna harusi au mtoto amezaliwa. Likisimamishwa baada ya kupita wima, kuna msiba. Julai 2014, ndege ya Malaysia ilipodunguliwa Ukraine na kuua watu wote 298, wengi wao Waholanzi, vinu vingi viliwekwa katika mkao wa msiba. Sijui njia ya heshima zaidi ya nchi nzima kuomboleza pamoja.

Mvuke, dizeli na umeme viliviangusha vinu hivi: vilikuwa karibu 10,000 katika karne ya 19, leo vimebaki takriban 1,200. Wanaopata riziki kwa kazi hii ni kama 40 tu. Wengine wote ni wa kujitolea. Tangu 1972 wana chama chao, na hakuna anayekabidhiwa kinu kwa hisani: hufundishwa kwa majira yote ya mwaka, maana upepo wa kiangazi haufundishi dhoruba ya vuli, kisha hufanya mtihani. Wanafanya vyema kukaza masharti. Kinu kisichozunguka huoza, na mkono usiozoea hukivunja. Vita Vikuu vya Pili vilipoleta uhaba wa mafuta, vinu vya kijiji cha Kinderdijk vilirudishwa kazini kuvuta maji, na viliweza kwa sababu walikuwapo watu waliojua kuviendesha.

Ukifika Uholanzi, usiishie kupiga picha kutoka barabarani. Tafuta kinu chenye bendera ya buluu, ndiyo ishara kwamba mgeni anakaribishwa, panda ngazi na umwombe mwenye kinu akuonyeshe breki. Wikiendi ya pili ya mwezi Mei, mamia ya vinu hufungua milango kwa siku mbili.