Senti Kumi Yenye Tundu

Jirani yangu wa Ngamiani, katika mji wa Tanga, mzee aliyekula chumvi nyingi na ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa hakupenda kutajwa, alikuwa na ada ya kutandika jamvi kuukuu chini ya mwembe wa uani kwake kila siku baada ya sala ya alasiri, akaketi miguu ameikunja, miwani imemshukia puani, na mbele yake sinia ya bati iliyojaa vitu vidogo vidogo alivyokuwa akivipambanua kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Nilipompitia mara ya kwanza nilidhani anachagua mchele. Kumbe ilikuwa sinia ya nati, bolti, springi na golori za chuma, na mzee yule, ambaye kwa umri wake angestahili kujinyoosha kitandani akisomewa gazeti na wajukuu, alikuwa akiifufua pikipiki.

Nasema kufufua, sisemi kutengeneza, kwa sababu mambo haya mawili hayalingani. Atengenezaye ana safari. Chombo kimemgomea njiani, naye ataka kiondoke leo hii, hata kama ni kwa kufungafunga waya. Mzee huyu hakuwa na safari. Hakuwa na mteja wa kumdai, wala siku ya ahadi, wala ujira. Na ikinyesha mvua alikunja jamvi lake pasipo kinyongo akaingia ndani kunywa kahawa. Alikuwa ametumika karakana ya reli tangu ujanani hata akastaafu, akitii king'ora asubuhi na king'ora jioni, na nadhani ladha kubwa ya kazi hii ya uani ilikuwa ni kushika spana pasipo kuamriwa na king'ora chochote.

Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA Bantam ya kale, aliyoikuta katika banda la shamba la mkonge lililokwisha kufa, kuku wakilala juu yake. Hapa palikuwa na mzaha wa majaaliwa, maana bantam ni jina la kuku wadogo, walioitwa hivyo kwa jina la bandari ya Banten katika kisiwa cha Java, ng'ambo ya bahari hii hii yetu, na wenye kiwanda walikuwa wakichora jogoo awikaye ubavuni mwa tangi. Basi majogoo ya shamba yalilala miaka mingi juu ya jogoo la Birmingham, na katika alfajiri zote hizo ni hilo moja tu lisilowika. Mzee aliilipia kwa bei ya chuma chakavu, akaileta nyumbani juu ya mkokoteni, watoto wa mtaa wakimfuata nyuma kama wafuatao ngoma.

Ilikuwa imefunikwa na kutu na uchafu wa kuku hata isijulikane iliwahi kupakwa rangi gani. Lakini siku alipoliinua tangi kutoka mahali pake, chini ya kipande cha mpira ambako jua halikupata kufika, alikuta alama ya rangi ya asili isiyozidi ukucha wa kidole gumba, kijani kilichofifia mfano wa kitu kionwacho kwa mbali. Aliitazama kitambo, akatoka nje pasipo kusema neno, akarudi na kipande cha jani la mkonge, akakiweka kando yake. Ilikuwa rangi moja. Waingereza walioichanganya waliiita rangi ya ukungu. Mzee aliiita rangi ya mkonge, nami tangu siku ile nimeshindwa kuiita vinginevyo.

Nasaba ya chombo hicho ni ya ajabu, nami nitaigusia kwa uchache. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani wa DKW, katika mji wa Zschopau, waliunda pikipiki ndogo waliyoiita RT 125. Waliposhindwa vitani, michoro yake ikachukuliwa kama fidia, ikagawanywa kama nyama ya sadaka. Warusi wakaitoa kwa jina la Moskva, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa ya kwao, Waingereza wakatoa Bantam mwaka 1948, na hata Yamaha wa Japani, walipounda pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955, walifuata mfano ule ule. Ila Waingereza waliupindua mchoro kama sura ya mtu katika kioo, kushoto kukawa kulia, ili kanyagio la gia likae upande waliouzoea wao. Habari hii mzee aliipenda kupita zote. Yeye alifanya kazi katika reli iliyojengwa na Wajerumani kisha ikaendeshwa na Waingereza, na kila nilipomkumbusha kisa hiki cha kioo alicheka hata miwani ikamwanguka. "Na sisi tulipinduliwa hivi hivi, mwanangu," akasema.

Katika kazi yake hakuwa na pupa. Spana zake zilikuwa za kipimo cha inchi, alizozipata enzi za reli, na alizifunga katika kitambaa kama mtu afungavyo msahafu. Nati za Kiingereza za zama zile hazikubali spana za milimita zinazouzwa madukani leo. Spana itaingia, itacheza kidogo, kisha itazila pembe za nati hata iwe duara kama kokwa ya ubuyu, na tangu hapo nati hiyo itatoka kwa patasi na matusi. Mzee alikuwa akiziwekea nati zilizogandamana mafuta ya taa usiku, asubuhi akazijaribu, zikikataa akaziongezea mafuta na kuziacha, na nati moja ya mhimili wa gurudumu la nyuma aliibembeleza namna hiyo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ilifunguka kwa nguvu ya vidole viwili, naye akaitazama kama mtu aliyejibiwa barua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Alasiri moja aliniita kwa mkono, akaniambia niinamishe kichwa chini ya madigadi ya nyuma, mahali alipokuwa amekwangua tope lililokauka likawa kama udongo wa ufinyanzi. Bati la madigadi lilikuwa limepasuka pale liliposhikwa na bolti, kama yapasukavyo mabati yote yakitikiswa miaka mingi katika njia za mashambani, na mtu fulani, fundi asiyejulikana jina wala kabila, alitaka washa pana ya kuukamata ufa ule usiendelee. Washa pana hakuwa nayo. Basi alichukua senti kumi ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati na pembe za ndovu, akalipanua tundu kwa tupa ya mviringo hata bolti ikapita sawasawa, akazilainisha kingo zake zisikate bati, kisha baina ya sarafu na bati akaweka duara la ngozi, nyembamba, lililokatwa kwa kisu chenye makali, bila shaka kutoka katika makubadhi yaliyochakaa. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na ngumu kama pembe. Ufa ulisimama pale pale alipoukuta.

Mzee aliiosha sarafu kwa petroli, akaipangusa kwa upindo wa shuka, akaileta kwenye mwanga. Ilikuwa ya mwaka 1952, yenye jina la mfalme George wa Sita, ambaye alifariki mwaka ule ule. Na herufi za jina lake zilikuwa kali, hazikulika hata kidogo. Hapo mzee akanyamaza, akafikiri, kisha akanifunulia hoja ambayo mimi msomi wa vitabu nisingeifikia. Sarafu ipitayo mikononi, akasema, hulika upesi. Hutoka sokoni ikaingia kibindoni, ikatoka kibindoni ikaingia kasha la duka, na baada ya miaka michache hata jina la mfalme huwa kivuli. Hii haikulika. Kwa hiyo ilifungwa hapa ingali mpya, ingali fedha halali, miaka mingi kabla ya shilingi ya Tanzania kuja mwaka 1966 na kuziondoa sokoni senti za tundu. Kwa maana hiyo yule fundi hakuokota kitu kilichokufa thamani. Alitoa fedha yake, katika siku ambazo senti kumi haikuwa ya kutupwa, akaitoboa isinunue kitu tena, akaificha chini ya madigadi ya pikipiki isiyo yake, mahali ambapo bwana wa shamba hangeinamisha kichwa chake kutazama.

Wiki kadhaa baadaye likafika sanduku la spea kutoka Uingereza, alilotumiwa na mjukuu wake aliye Leicester, na ndani yake, pamoja na ringi za pistoni, plagi na mipira ya breki, mlikuwa na mfuko wa washa pana za madigadi, mpya, zing'aazo kama kioo. Alitwaa moja akaiweka katika kiganja cha kushoto, na senti kumi katika kiganja cha kulia, akawa kama apimaye dhahabu. Kisha akairudisha senti mahali pake, akatafuta ngozi mpya akaikata kwa kipimo cha ile ya kale, akakaza nati. Nilimuuliza kwa nini. "Huyu nimemkuta kazini," akajibu. "Siwezi kumwachisha."

Nimekumbuka maneno hayo mara nyingi nikipita barabarani kwenye vibanda vya mafundi wa bodaboda, vijana hodari wenye nguvu na haraka, wawezao kuishusha injini kabla kahawa haijapoa. Siwalaumu, mwenye bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na chombo kikilala ndiyo njaa imelala nyumbani. Lakini ufundi wao umekuwa ni kuondoa na kuweka: kabureta ikikohoa hununuliwa nyingine, breki ikilia hutupwa, na ile sanaa ya kukiuliza kitu kilichovunjika kilivunjikaje, na nani alikishika mbele yako, na kwa nini alikata hapa wala hakukata pale, imekosa wanafunzi. Mzee alijaribu kumfundisha kijana mmoja, akaja siku tatu. Siku ya nne alimwuliza kazi hii inalipa kiasi gani, na ya tano hakurudi.

Hata lile jogoo la tangini halikusalimika. Tangi lilikuwa likivuja, mzee akalipeleka kwenye karakana moja, nisiyoitaja, ili lichomewe tundu dogo upande wa chini tu, nao kwa wema wao wakalisaga lote kwa mashine hata likang'aa, jogoo na mabaki ya rangi ya zamani vikaenda na vumbi. Walidhani wamemfanyia ihsani. Mzee alilipokea akawashukuru, akarudi nalo nyumbani, na kwa muda wa mwezi mzima jamvi halikutandikwa.

Iliwika, hata hivyo. Ilikuwa Ijumaa, baada ya miaka minne ya sinia na jamvi. Mzee alichanganya petroli na oili kwa mkono wake, akafungua koki, akapiga kiki mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikakohoa, na ya nne ikashika, ikatoa moshi wa buluu uliopanda hata matawi ya mwembe, na mlio mwembamba wenye haraka, usiofanana na ngurumo za leo. Hakuipanda. Alisimama mkono juu ya tangi lisilo na jogoo, akiusikiliza mlio kama mganga asikilizavyo kifua, akakaza skrubu ya kabureta kwa robo ya mzunguko, akaizima, akaosha mikono.

Amefariki katika masika iliyopita. Matanga yalipokwisha, mnunuzi wa vyuma chakavu alisimamisha mkokoteni wake mlangoni, na mmoja wa wanawe, ambaye simlaumu, maana ana karo za watoto na deni la hospitali, aliuliza ni shilingi ngapi kwa kilo. Nikalipa mimi. Sasa iko barazani kwangu chini ya turubai. Sina ufundi wa kuifanyia lolote, ila kila Alhamisi jioni naifunua, napiga kiki mara tatu taratibu pasipo kufungua petroli ili ringi zisigande, kisha hupeleka mkono chini ya madigadi ya nyuma, gizani, nikaipapasa ile senti kumi. Na herufi zake zingali zikikwaruza kidole.