Nani Anauguza Jeraha? Kuitazama Tena Filamu ya Sugar

Watangazaji wetu wa michezo wana msemo mmoja ambao nimeusikia tangu utotoni: "anauguza jeraha." Mchezaji hayuko kikosini? Anauguza jeraha la goti. Straika hajaonekana wiki tatu? Anauguza jeraha la paja. Tumeuzoea hadi hatuusikii tena. Lakini hebu usikilize vizuri. Kuuguza ni kazi ya mtu kwa mtu mwingine. Mama humuuguza mtoto, muuguzi humuuguza mgonjwa wodini. Mgonjwa mwenyewe anaugua tu. Sasa huyu mchezaji anayeuguza jeraha lake, yeye mwenyewe anauguzwa na nani?

Swali hilo lilinijia nikiitazama tena Sugar, filamu ya mwaka 2008 iliyoandikwa na kuongozwa na Anna Boden na Ryan Fleck. Mara ya kwanza niliitazama peke yangu, nikaiweka kwenye fungu la filamu za uhamiaji, nikaendelea na maisha. Mara hii nilikuwa na ndugu yangu mdogo sebuleni, mguu wake umewekwa juu ya stuli. Alikuwa beki katika timu moja ya ligi za chini hapa nchini. Goti lilienda mwezi wa pili, na kufikia wa tano simu za timu zilikuwa zimeacha kuingia. Hakuna aliyemwambia ameachwa. Simu zilikoma tu.

"Tuwekee hiyo ya besiboli," akasema. Hatujui besiboli sisi. Lakini filamu hii haikudai ujue.

Hadithi yenyewe ni hivi. Miguel Santos, ambaye nyumbani wanamwita Azúcar, yaani Sukari, ni mrushaji mpira kutoka San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika. Huo ni mji wa mashamba ya miwa ambao umetoa wachezaji wakubwa kama Sammy Sosa. Miguel yuko katika akademia ya klabu ya Marekani ambayo filamu imeibuni, Kansas City Knights. Anajifunza kurusha mpira unaopinda, anajifunza Kiingereza cha kukaririshwa darasani, kisha anaitwa kwenye mazoezi ya Arizona. Kutoka huko anapelekwa Iowa, kwenye timu ya daraja A, ngazi ya chini katika ngazi nyingi za kupanda. Anaishi shambani kwa wazee wawili Wakristo wanaoipenda timu kuliko wanavyomwelewa yeye.

Mwigizaji, Algenis Pérez Soto, hakuwa mwigizaji. Alikuwa kijana wa huko huko aliyecheza besiboli, na mwili wake unajua kitu ambacho chuo cha uigizaji hakifundishi: jinsi mrushaji anavyosimama akijua anaangaliwa na mtu mwenye kalamu.

Watu wengi wakiisifu filamu hii hukimbilia mandhari ya mgahawani. Miguel anaagiza mkate uliokaangwa kwa mayai siku baada ya siku kwa sababu ndicho chakula pekee anachojua kukitaja. Mhudumu anatambua, anamletea sahani ya mayai yaliyopikwa kwa namna tofauti, na kumtajia kila moja jina lake. Ni mandhari nzuri, sikatai. Lakini mazee, tukiishia hapo tutakuwa tumeigeuza filamu kuwa hadithi ya Mmarekani mwenye roho nzuri. Uzito wa Sugar uko kwingine. Uko kwenye goti la Jorge.

Jorge ni rafiki wa Miguel, Mdominika mwenzake aliyemtangulia. Anajua njia zote, anajua mahali pa kula, anajua Kiingereza cha kutosha kumkinga Miguel asiaibike. Tena ndiye amebeba jeraha. Alipasuliwa goti msimu ulipokwisha na halijarudi lilivyokuwa. Filamu haituonyeshi daktari akitoa hukumu. Tunamwona Jorge akiwa bado mcheshi, bado anapanga mambo, lakini yuko nusu hatua nyuma ya mpira. Nusu hatua pekee. Ndugu yangu aliliona kabla yangu. "Huyo ashaachwa," akasema. "Bado hajaambiwa."

Na kweli, Jorge anaachwa. Anaachwa wakati Miguel mwenyewe ameumia katika tukio la kawaida kabisa la mchezo, yuko nje, anasubiri kupona. Hapo Boden na Fleck wamefanya jambo la busara: wameweka majeraha mawili kando kwa kando ili moja liwe kioo cha lingine. Miguel anamtazama Jorge akifunga begi na anajiona. Akirudi kiwanjani, si mguu peke yake uliobadilika. Sasa anajua. Mkono unaanza kusitasita, mpira hauendi anakotaka, na kijana mwingine Mdominika, mdogo kwake, amewasili na mkono wenye nguvu. Ndipo vidonge vinapoingia.

Neno la Kiingereza linalotumika kwa shughuli hii yote, kuanzia akademia hadi Iowa, sisi tunalitafsiri "kukuza vipaji." Kiswahili kina neno lingine tungeweza kulitumia, kulea. Haya mawili si mamoja. Unakuza mahindi kwa sababu utavuna. Mtoto unamlea hata kama hatakupa kitu. Mfumo unaoonyeshwa katika Sugar unakuza, na unakuza kwa ustadi mkubwa. Kuna walimu wa kurusha, kuna chakula cha kutosha, kuna masomo ya lugha. Hakuna mtu mbaya. Kocha wa Iowa si mkatili, wazee wa shambani si wabaguzi wa kutukana. Lakini hamna mahali ambapo mtu aliyeumia anabaki kuwa wa mtu. Mmea ukinyauka, mkulima hamkasirikii, anapanda mwingine.

Ulinganisho utasaidia. Bull Durham, ya mwaka 1988, inazungumzia ngazi hizo hizo za chini, na mwongozaji wake Ron Shelton alizicheza mwenyewe. Humo, mdakaji mkongwe Crash Davis anatumwa kumlea kijana Nuke LaLoosh, mrushaji mwenye mkono wa radi na kichwa cha kuku. Ni vichekesho, na vichekesho vitamu. Malezi yako pale: matusi, ushauri, ugomvi, hata namna ya kujibu maswali ya waandishi wa habari. Lakini angalia inavyoishia kazi ya Crash. Nuke akishapandishwa daraja la juu, Crash anaachiliwa. Amemaliza kulea, hana kazi tena. Shelton anaifunika chungu hiyo kwa mapenzi na mvua ya barazani. Sugar haifuniki. Miguel hana hata Crash wake, kwa sababu mtu pekee aliyemlea, Jorge, ndiye aliyeondolewa kwanza.

Sasa niseme penye upungufu. Kwa filamu inayotegemea mwili kiasi hiki, Sugar inapita haraka mno kwenye siku za kuuguza jeraha. Tunaruka kutoka kuumia hadi kurudi. Nadhani waongozaji waliogopa kwamba mtu anayevuta mipira ya kamba saa mbili asubuhi hana drama. Lakini drama yote iko hapo! Katika besiboli ya kweli, aliyeumia kwa muda mrefu mara nyingi hurudishwa kwenye kituo cha mazoezi cha klabu huko Arizona au Florida. Wenzake wanasafiri kwa basi kucheza. Yeye yuko palepale, kwenye viwanja vya nyuma visivyo na mashabiki, jua kali, mechi za vijana waliotoka tu shule. Kazi yake ni kurusha mpira kwa hesabu: umbali mfupi, siku ya kupumzika, umbali unaoongezwa kidogo, idadi ya mipira imeandikwa kwenye karatasi. Ukiuma mkono, unarudi hatua mbili.

Chukua kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji wa Dodgers, Tommy John, upasuaji ambao haukuwahi kujaribiwa kwa mrushaji: alichukua kano kutoka mkono mwingine na kuifunga kwenye kiwiko kilichochanika. Tommy John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na akashinda mechi 164 baada ya hapo, nyingi kuliko alizoshinda kabla. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na mrushaji akifanyiwa hukaa nje mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kwa staa mwenye mkataba mnono, huo ni mwaka wa subira. Kwa kijana wa ngazi ya chini kabisa aliyesaini akiwa na miaka 16, huo ni mwaka ambao vijana wengine wa miaka 16 wanasaini. Tena mchezo wenyewe unazidi kudai kasi. Kati ya 2008, mwaka wa filamu hii, na 2024, wastani wa mpira wa kasi katika ligi kuu ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa hadi 94.2. Mkono wa binadamu haukupandishwa pamoja nao. Filamu kuhusu miezi ile ya kuhesabu mipira ingekuwa filamu ya kusubiri, ya chumba na dari, na bado naisubiri.

Upungufu wa pili ni pesa. Sugar inazigusa, hasa ikimweka Miguel karibu na Brad Johnson, Mmarekani mweusi aliyesoma Stanford na kusaini kwa zaidi ya dola milioni moja. Johnson ni mtu mzuri, ndiye anayemweleza Miguel habari za Roberto Clemente. Lakini yeye akianguka ana shahada ya kumpokea. Miguel ana familia inayosubiri simu. Filamu ingeweza kutuambia wazi zaidi kwamba mshahara wa ngazi hizi ulikuwa wa aibu, na kwamba haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondoa wachezaji hawa kwenye ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Ni sheria yenye jina la kuokoa mchezo wa taifa. Kuokoa, ati.

Mambo yamesogea tangu hapo, na haki ni kusema. Mwaka 2022 wachezaji wa ligi ndogo waliingia kwenye chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mwaka uliofuata wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mshahara wa mwaka kwenye timu za vituo vya mazoezi ulipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800, na ngazi ya A ya chini kutoka 11,000 hadi 26,200. Lakini mkataba huo huo ulikubali idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kuwashikilia Marekani ipunguzwe kutoka 180 hadi 165. Kabla ya hapo, mwaka 2021, timu za ligi ndogo zenye uhusiano na klabu kubwa zilikuwa zimepunguzwa kutoka 160 hadi 120. Vitanda ni bora, ila vichache. Nafasi zikipungua, wa kwanza kuhesabiwa ni aliyelala. Na vijana wanaocheza ligi ya majira ya joto kule Dominika, yaani Miguel wa nusu saa ya kwanza ya filamu, hawamo kwenye mkataba ule.

Haya si ya mbali sana na sisi. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya besiboli huko Pennsylvania. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Njia ile ile ya Miguel imefunguliwa jirani yetu. Nawatakia kila la heri, na kwa wazazi watakaofuata kuulizwa watie sahihi, ningewawekea filamu hii kabla ya kalamu. Sikusudii kuwakatisha tamaa. Ningetaka waulize swali moja tu: akiumia, ni nani hasa atakayekuwa naye chumbani?

Sehemu ya mwisho ya Sugar ndiyo iliyonigawanya na ndugu yangu. Miguel hafukuzwi. Anapanda basi mwenyewe, anaondoka Iowa kabla ya kuambiwa, anaenda New York. Anaosha vyombo, anapata fundi seremala anayemwachia karakana atengeneze meza ya mama yake. Hatimaye anacheza besiboli ya wikendi Bronx, katika bustani yenye jina la Clemente, pamoja na wanaume wengine. Mmoja baada ya mwingine wanajitambulisha mbele ya kamera: jina, anakotoka, klabu iliyomsaini. Ni wachezaji wa kweli waliopita njia hiyo.

Mimi niliona mwisho huo ni laini kidogo. Meza inakamilika, kazi inapatikana, na hofu ya kuishi bila karatasi inapita kama mawingu. Niliona filamu imemhurumia Miguel kuliko New York ingemhurumia.

Ndugu yangu alikataa. Alisema nimeangalia meza badala ya wale wanaume. "Angalia," akasema, "wote wanasema klabu iliyowasaini. Hakuna anayesema iliyomwacha." Tulirudisha nyuma, tukaangalia tena. Ni kweli. Kila mmoja analitaja jina la klabu kama mtu anayetaja ukoo wake, bila chuki, bila kuinama. Kisha Miguel anakaa, anacheka, na kicheko kinaisha usoni polepole wakati kamera bado inamtazama.

Ndugu yangu alishusha mguu kwenye stuli, akaukunja, akaukunjua. Akaniuliza kama namjua mtu wa mazoezi ya viungo asiye ghali. Nilimwambia kesho tutatafuta pamoja.